Mafiga ya Barazani

Babu yangu alikuwa na wake wawili na jiko moja. Kwa mtu wa mjini hiyo si habari, lakini kwetu, kwenye miteremko ya juu ya Mlalo, ilikuwa kioja. Kwetu mwanamke akiolewa hupewa nyumba yake, shamba lake na mafiga yake matatu. Mama mkwe ndiye humtafutia hayo mawe, na huyatafuta mlimani, si mtoni, kwa sababu jiwe la mtoni limekunywa maji na likipata moto hupasuka na kumwaga chakula. Mafiga yakishapangwa, yule mwanamke ni mwenye nyumba. Mume anaweza kuwa na wake wanne, lakini na mioto itakuwa minne. Ukitaka kuwasha ugomvi kwenye kaya iliyotulia, waambie wake wenza wapikie pamoja.

Bibi zangu walipikia pamoja maisha yao yote. Bibi Mkubwa, aliyemzaa baba yangu, alikuwa mrefu, mkavu, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Bibi Mdogo alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na alicheka zaidi pale ambapo wengine walitarajia alie. Asubuhi anapika huyu, jioni anapika yule, na chungu cha maharage kilichoachwa na mmoja kiliivishwa na mwenzake bila mtu kuulizwa. Watoto wa jirani walikuwa wakija kuchungulia jiko letu, na mimi nilikuwa najivuna nalo, kwa vile mafiga yale yalikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Bibi Mdogo, nilivyoelewa, alikuwa amekaribishwa.

Mafiga ya Bibi Mdogo tulijua yako wapi. Yalikuwa chini bondeni, mbele ya baraza la zamani, katika rundo kubwa la mawe meusi lililofunikwa na majani. Tulipita pale kila siku tukienda shule. Hakuna aliyekalia mawe yale na hakuna aliyechukua hata moja la kuzuia mlango. Ukikaa juu yake ukaonekana, mwanamke yeyote aliyepita alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, awe ndugu yako au asiwe. Nilichapwa mara moja na mama nisiyemjua jina mpaka leo, na nyumbani nilipolalamika nikaongezewa.

Kisa chenyewe alikuwa anasimulia Bibi Mdogo. Bibi Mkubwa hakukisimulia kamwe. Kikianza alikuwa anachukua jembe lake na kwenda zake shambani, hata kama jua limeshazama nyuma ya mikaratusi.

Wakati wa Waingereza, alikuwa anasema Bibi Mdogo, kodi ilikwenda na nyumba. Mwanamume alijilipia kichwa chake, na kama ana mke wa pili mwenye nyumba yake, nyumba ile nayo ililipiwa. Haikujali kama mvua imekosekana au kahawa imeliwa na wadudu. Aliyekosa fedha alilipa kwa mgongo. Walimpeleka kupasua barabara kwenye miamba, au wakamshusha tambarare kwenye mkonge, na huko alirudi na homa au hakurudi kabisa. Babu alikuwa ameshapelekwa mara moja kabla hajamwoa Bibi Mdogo, akarudi anakohoa, na kikohozi kile alikufa nacho uzeeni. Sasa ana wake wawili, na karani wa kodi anakuja tena.

Bibi Mkubwa ndiye aliyepata shauri. "Nyumba ya pili ndiyo itakayomuua huyu mwanamume," alisema. "Tuibomoe."

Bibi Mdogo alikuwa bi harusi bado. Alikuwa hajavuna msimu wake wa kwanza wa maharage. Wakaibomoa nyumba yake wao wenyewe, wanawake wawili, wakati babu ameduwaa pembeni asijue pa kushika. Fito wakazipanga kama kuni, nyasi za paa wakaziweka zizini kwa mbuzi, na pale penye sakafu wakapanda maboga ili karani akija akute bustani. Kisha Bibi Mdogo akahamia kwa mwenzake.

Na hapa, kila alipofika hapa, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Maana alihamia na mafiga yake. Haikumjia kichwani kuyaacha, na Bibi Mkubwa hakuona ajabu. Mwanamke anahama, mafiga yanahama. Akayapanga kwenye kona ya pili ya nyumba ileile, akawasha moto wake, akabandika chungu chake. Mtu wa pwani asingefanya kosa hilo, na mtu wa bara asingelifanya. Sisi tulilifanya.

Karani alikuja. Kwa bahati mbaya hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa milimani, wa bonde la pili, amesoma na anavaa kaptula ya kaki. Mzungu angeona nyumba moja akapita. Huyu aliinama mlangoni, akatazama ndani, akatabasamu. Mama yake naye alikuwa mke wa pili.

"Nyumba nimeona moja," alisema, "lakini mioto nimeona miwili. Kila moto ni nyumba."

"Tulificha nyumba nzima," Bibi Mdogo alikuwa anatuambia, machozi ya kicheko yakimtoka, "tukashindwa kuficha mawe matatu."

Siku ya soko ndipo walipogundua kwamba hawakuwa peke yao. Kumbe kila mteremko walikuwa wamebomoa nyumba, na kila mteremko walikuwa wamehamisha mafiga. Shauri lilikuwa moja, kosa moja, na karani aliwanasa wote kwa kuinama milangoni tu. Wanawake wakacheka kwanza, kisha wakanyamaza, maana walijua nani atapelekwa mkonge. Waliuza viazi vyao na ndizi zao siku ile huku wakiongea kwa sauti ya chini. Hadi soko linavunjika walikuwa wamekubaliana. Kama anatoza mafiga, basi tumpelekee mafiga.

Nimesikia kisa hiki nikiwa na umri wa kubebwa, nikakisikia nikiwa nanyonyesha, na kila mara nywele zilinisimama pale pale. Walishuka asubuhi, kila upande wa bonde, kila mwanamke ngata kichwani na jiwe juu ya ngata. Waliokuwa na mtoto mgongoni walibeba moja, na mashoga zao wakawabebea mengine. Mengine yalikuwa bado ya moto na yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Hawakuimba. Walipofika mbele ya baraza wakayatua, moja baada ya jingine, kisha wakaketi nyuma yake wakanyoosha miguu.

Zumbe, mkubwa wa kwetu aliyekuwa akitawala kwa niaba ya Waingereza, alitoka kibarazani akauliza haya ni nini.

Mwanamke mzee kuliko wote alimjibu bila kuinuka. "Ni nyumba zetu. Karani wako amesema kila moto ni nyumba. Tumekuletea nyumba, zilipie wewe."

Zumbe alitazama mawe. Halafu akainua macho akatazama milima, na hapo, Bibi Mdogo alikuwa anasema, ndipo uso wake ulipobadilika. Bonde zima halikuwa na moshi. Hata wanawake wenye mume wa peke yao, ambao mafiga yao hayakuwa yamehesabiwa, walikuwa wamezima mioto yao. Ilikuwa karibu na adhuhuri, saa ambayo kila paa la nyasi hufuka, na miteremko ilikuwa mitupu kama imehamwa. Wengine husema hata nyuma ya baraza, kwa wake zake mwenyewe, jiko lilikuwa baridi.

Ili kuelewa kwa nini aliogopa, ujue kwamba kwa Kishambaa kuna maneno mawili ambayo mtawala hupimwa nayo. Lipo kuzifya shi, kuiponya nchi: mvua inyeshe, watoto washibe, watu wakae. Na lipo kubana shi, kuiharibu nchi. Nchi isiyo na moshi imeharibika, na hakuna zumbe anayetaka kuiona akiwa amesimama kibarazani kwake. Aliingia ndani na hakutoka tena mpaka jioni.

Sitadanganya kwamba Waingereza walifunga mizigo. Kodi iliendelea. Babu alilipia kichwa chake kwa kupasua barabara, akarudi na kikohozi chake. Lakini karani hakuinama tena mlangoni mwa mtu. Kwetu hakuna aliyehesabu mafiga tena mpaka uhuru ulipokuja, na hiyo kodi nyingine iliyobaki baada ya uhuru ikibadilisha nguo mara kwa mara, hiyo ni hadithi ya siku nyingine na hasira nyingine.

Mawe yalibaki palepale. Aliyelirudisha jiwe lake angekuwa amekiri kwamba ana nyumba ya pili. Mambo yalipopoa, wake wa pili wa bonde lile walitafutiwa mafiga mapya na wakajenga upya, isipokuwa bibi zangu. Babu alijaribu. Alikwenda mlimani mwenyewe akarudi na mawe mazuri, na Bibi Mkubwa akayatupa kwenye mfereji. Akasema mafiga hayatafutwi mara mbili. Bibi Mdogo akakubaliana naye, na babu, kama kawaida yake, akaduwaa.

Babu alifariki. Bibi Mkubwa akamfuata miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshaolewa Lushoto mjini, nina duka la mbegu na pampu za kunyunyizia dawa. Bibi Mdogo akabaki na mwanawe, baba yangu mdogo, katika kaya ileile. Macho yake yalikuwa yamefifia mpaka anatambua watu kwa sauti, lakini mdomo ulikuwa salama. Nikimpigia simu alikuwa anaanza kwa kunitania kuhusu uzito wangu, ambao hakuwa ameuona kwa muda mrefu.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna viazi, alinipigia yeye. Alikuwa anaongea kwenye simu ya baba mdogo kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

"Mjukuu wangu."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wanayavunja mafiga."

Hakutaja uzito wangu, na hapo nikaacha kupima mbegu. Kijiji kilikuwa kinajenga wodi ya wazazi kwenye kiwanja cha baraza la zamani. Kila kaya ilitakiwa kuleta mawe na mchanga kwa ajili ya msingi, na mtu mmoja mwerevu alikuwa ameona kwamba rundo zima la mawe liko pale tayari.

"Njoo unishushe," Bibi Mdogo alisema. "Nataka matatu tu. Nisipoyatia mkononi kabla hawajayamwagia zege, sitakufa vizuri."

Nilifunga duka kwa siku mbili. Nilidhani najua anachotaka. Alitaka kufa akiwa mwenye nyumba, na si mgeni jikoni kwa bibi yangu. Miaka yote ile nimemwona akicheka juu ya figa la mwenzake, kumbe alikuwa anahesabu siku kama mpangaji. Iliniuma kwa niaba ya Bibi Mkubwa, ambaye hakuwapo kujitetea.

Nilimkuta amekaa kizingitini amevaa khanga mpya, fimbo mapajani, amekwishaoga. Baba mdogo alitaka aje kijana na machela, kama tunavyobeba wagonjwa. Bibi Mdogo akasema yeye si mgonjwa. Hivyo tulishuka kwa bodaboda, mishikaki, dereva mbele, mimi nyuma, na bibi wa miaka tisini na ushee katikati akimwambia kijana wa watu apunguze woga.

Chini bondeni palikuwa na watu wengi. Wanawake walikuwa wakiteremka kwenye vijia vya pande zote, ngata kichwani na jiwe juu ya ngata, wakileta mchango wa kaya zao. Niliteremka kwenye pikipiki nikasimama kama niliyepigwa na kitu. Nilikuwa nimesikia siku ile ikisimuliwa maisha yangu yote, na sasa nilikuwa naiangalia. Ilikuwa njia ileile, shingo zilezile zilizonyooka. Bibi Mdogo hakuona, lakini alisikia miguu.

"Wanashuka?" aliniuliza.

"Wanashuka, Bibi."

"Na mawe?"

"Na mawe."

Akatikisa kichwa taratibu, akashika mkono wangu.

Fundi alikuwa amekwishaanza upande mmoja wa rundo. Majani yamefyekwa, na mawe yaliyokuwa meusi kwa masizi ya kale yalikuwa yamepasuliwa, ndani yake meupe na mabichi. Nilipoyaona hasira ilinipanda. Mwenyekiti wa kijiji, kijana mstaarabu wa umri wa mwanangu, alikuja kumwamkia bibi kwa heshima zote, akaanza kunieleza kwamba lilikuwa azimio la mkutano, kwamba mama wajawazito wanajifungulia njiani kwenye pikipiki. Nilimjibu maneno ambayo hayafai kuandikwa. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Bibi Mdogo akanigusa mguu kwa fimbo.

"Punguza," alisema. "Umerithi mdomo wa bibi yako, lakini yeye alikuwa anaufunga pakiwa na kazi."

Akaomba kiti karibu na rundo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Natafuta matatu. Yalitoka kwenye mwamba mmoja. Yote yana mshipa mweupe tumboni. Mkikuta lenye mshipa, nipeni."

Sijui nani alianza. Nakumbuka mwanamke mmoja alitua jiwe lake la mchango akapiga magoti, kisha mwingine, na muda si mrefu walikuwa wengi, wanaondoa majani na udongo, wanapangusa masizi kwa ncha za khanga. Fundi aliweka nyundo chini. Hakuna aliyecheka. Mawe yalikuwa yanapita kutoka mkono hadi mkono, na kwa mara ya kwanza niliyaona moja moja. Mengine yalikuwa na weusi upande mmoja tu, ule uliotazama moto, na upande mwingine ulikuwa safi. Katika mengine masizi yalikuwa mazito ya miaka, mengine yalikuwa yamepakwa kidogo tu, ya wasichana waliopika msimu mmoja. Nilijikuta nayashika polepole kama nashika mayai.

La kwanza lilipatikana chini kabisa. Mshipa mweupe ulikuwa unalizunguka kama mkanda, umechafuka lakini unaonekana. Nilimwekea bibi mapajani. Akaupitisha mkono juu yake, akafumba macho, akalikumbatia. La pili alilipata msichana mjamzito ambaye baadaye walimkataza kuinama. La tatu tulilitafuta mpaka nikakata tamaa. Fundi mwenyewe ndiye aliyelileta, ametoka nalo kwenye mawe yaliyokwisha kuvunjwa, vipande viwili, kimoja kila mkono.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Sikujua."

Bibi Mdogo akavipokea, akavigusanisha vikaingiana. "Udongo utalishika," alisema. "Figa halibebi chungu peke yake."

Watu wakapumua. Mama mmoja akasema, "Hongera, Bibi. Umepata mafiga yako."

"Si yangu," alisema Bibi Mdogo. "Haya ni ya mwenzangu."

Nilidhani uzee umemzidi. Niliinama nikamwambia kwa upole kwamba ya Bibi Mkubwa yako nyumbani, jikoni, tumeyapikia miaka yote.

"Hayo ya nyumbani ndiyo yangu," alisema.

Kisha akatueleza, pale kwenye kiti, mikono juu ya mawe. Asubuhi ile ya kushuka alikuwa ameketi kwenye kona yake anang'oa mafiga yake huku analia. Alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja, na nyumba yake imeshakuwa bustani ya maboga. Bibi Mkubwa alisimama akamtazama, akamwambia, weka chini. Akaenda kwenye jiko lake mwenyewe, jiko alilowekewa na mama mkwe, akamwagia maji moto wake mpaka moshi ukajaa nyumba. Akayang'oa mafiga yake matatu yakiwa bado yanatoa mvuke, akayafunga kwenye majani ya mgomba.

"Nikamwambia, dada, karani amehesabu ya mke wa pili, si yako. Akanijibu, karani anajua kuhesabu, hajui kutazama. Akasema, mimi nimeshapika, nimeshaitwa mwenye nyumba, hakuna wa kuninyang'anya. Wewe ukianza bila figa, mpaka unakufa utajiona mgeni."

Wakayahamisha mawe ya Bibi Mdogo yakakaa katikati, mahali pa yale yaliyoondoka. Bibi Mkubwa akayapaka masizi ya zamani kwa kiganja ili yaonekane ya siku nyingi. Moja alimpa mwenzake abebe, mawili akabeba yeye kichwani, moja juu ya jingine, wakashuka. Watu wote, na babu akiwemo, wakaamini kwamba mke mdogo ametoa jiko lake na mke mkubwa amemkaribisha. Bibi Mkubwa alimwapisha asiseme. Mke mkubwa kupikia kwenye mafiga ya mke mdogo, kwetu, ni aibu isiyo na jina, na yeye aliibeba na kuificha ndani ya sifa ya ukarimu ambayo hata haikuwa sahihi.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilikuwa nakumbuka Bibi Mkubwa akichukua jembe na kuondoka kila kisa kilipoanza. Nilikuwa nakumbuka mawe mapya yakitupwa mfereji. Babu aliyaleta kwa ajili ya Bibi Mdogo, lakini asiye na mafiga alikuwa Bibi Mkubwa; mwenzake angehama na yake, jiko la katikati lingebaki tupu, na watu wangeuliza ya zamani yamekwenda wapi. Mwanamke yule ambaye nilimwona kila siku, ambaye alinigombeza kwa sababu ya ukosi mchafu na kusahau kufunga mbuzi, alikuwa mgeni jikoni mwake mwenyewe kwa karibu maisha mazima, na hakuna siku niliyomwona akiwa mnyonge. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye wakati ule, naye hayupo. Niliogopa kidogo, kusema kweli, kama unavyoogopa ukifika kwenye ukingo wa mlima kule juu na ukungu unaondoka ghafla, unaona umesimama wapi.

Mwenyekiti aliinama karibu na kiti, akauliza kwa sauti ndogo: na haya mengine, Bibi, tuyafanyeje?

Bibi Mdogo alifikiri. "Huo mkutano wenu," aliuliza, "mliuliza watu?"

"Tuliuliza, Bibi."

"Wanawake walisema?"

"Walisema wao zaidi ya wote."

"Na asiye na uwezo wa kubeba?"

"Amesamehewa."

"Basi tieni kwenye msingi. Sisi hatukukataa kutoa. Tulikataa kuchunguliwa milangoni." Akageuza uso upande ambako miguu ilikuwa bado inasikika. "Wanawake wazalie juu yake."

Fundi hakuyavunja tena. Aliyapanga mazima yakiwa na masizi yake, na nimeuona msingi ule kabla haujafunikwa, mweusi pande zote nne. Wodi sasa imefunguliwa. Msichana yule mjamzito alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujifungulia pale.

Tulirudi nyumbani jioni, mafiga matatu kwenye kiroba. Mke wa baba mdogo anapikia gesi siku hizi, lakini jiko la zamani bado lipo kwa ajili ya vyungu vikubwa vya shughuli. Bibi Mdogo alikataa kupumzika. Aliketi chini, akakanda udongo kwa mikono yake, akaunganisha lile lililopasuka, kisha akaniambia niyapange mafiga ya Bibi Mkubwa kwenye kona ya pili, akielekeza kwa fimbo, sogeza huku, rudisha kidogo, mpaka aliporidhika. Yake mwenyewe yakabaki katikati. Nikawasha moto kwanza kwa bibi yangu, mdogo mdogo ili udongo usipasuke, halafu kwake. Tukabandika maharage huku na viazi kule.

Alitoka akakaa kizingitini, mgongo umeegemea mlango, uso umeelekea bondeni ambako haoni tena. Moshi ulikuwa unapita juu ya kichwa chake kutoka kwenye mioto yote miwili, unakutana kwenye upenu, unapanda kwenye migomba. Alikuwa anaunusa.

"Ni miwili?" aliniuliza.

"Ni miwili, Bibi."

Akanyoosha miguu, akaweka fimbo pembeni.

"Haya," alisema. "Mwiteni karani aje ahesabu."